Kijiwe Ndani ya Jua

Enzi zetu, udongo ulikuwa kazi ya watoto kabla haujawa kazi ya mama zao. Mkicheka kwamba nasema "enzi zetu" na kichwani sina hata unywele mmoja mweupe, chekeni. Mwanangu wa kwanza ndio kwanza anaota meno. Lakini ninyi mliozaliwa miaka ile niliyozaliwa mimi, kwenye ufukwe huu wa Matema na Ikombe, mnajua kwamba mambo yamegeuka upesi kuliko sisi tulivyokua. Nikimsimulia mdogo wangu mambo ya utoto wetu, hunitazama kana kwamba nasimulia habari za babu wa babu yake.

Kazi yetu ilikuwa kuchambua vijiwe. Mama na bibi zetu walileta udongo kwa vikapu, wakaumwagia maji, wakaukanyaga. Sisi tulikaa kuuzunguka, tukauminya tonge kwa tonge kati ya vidole. Mnakumbuka harufu yake? Ilikuwa kama harufu ya mvua iliyofungiwa ndani ya nyumba. Vidole vilipauka, vikapasuka kwenye viungo, na jioni tukila ugali chumvi ya samaki iliingia kwenye mipasuko tukaruka kama tumeumwa na siafu.

Kijiwe kidogo kuliko punje ya ulezi kilitosha kuharibu kila kitu. Chungu kingefinyangwa vizuri, kingekauka vizuri, kingepakwa rangi nyekundu na michoro myeupe shingoni, na kila apitaye angekisifu. Kisha siku ya kuchoma, moto ukikolea, kijiwe kile kingepasuka kwa mlio, na chungu kingebaki na tundu la mviringo ubavuni, au kingeachana vipande viwili. Bibi yangu alikuwa na msemo wake. "Udongo hunyamaza," alisema, "moto ndio unaosema."

Wenzangu waliusikia msemo huo wakaenda kucheza. Mimi nililala nao. Nilikuwa mtoto wa kuchambua tonge moja mara tatu, kisha nikiwa nimekwisha kulikabidhi, nalifuata nyuma ya mgongo wa Bibi na kulichukua tena. Hadi leo niko hivyo. Mchele naupeta hadi mume wangu anauliza kama tutaula au tutaupanda. Nakiri ni ugonjwa, na nadhani nimeupatia pale, kwenye lundo la udongo.

Hata hivyo tulicheza. Tuliteleza kwenye mchanga wenye maji hadi nguo za gome zikachakaa matakoni. Tulifinyanga vyungu vidogo kama ngumi, tukavipikia matope na kulazimishana kula. Na zile siku ambazo kungu walipanda kutoka ziwani! Wingu la vijidudu lilisimama juu ya maji kama moshi wa meli, upepo ukalisukuma pwani, nasi tukakimbia na vikapu na sufuria zilizopakwa maji, tukivizungusha hewani huku tumefumba midomo. Bibi alivibonda vijidudu hivyo, akavifanya mikate myeusi, akaikausha. Ukila na ndizi za kuchemsha, ulipata ladha ya samaki na ya udongo kwa pamoja. Mdogo wangu siku hizi akiwekewa mkate wa kungu anauliza kama hakuna sukari.

Shuleni tuliandika kwa kidole mchangani, na aliyekosea alifuta kwa kiganja na hakuna aliyejua. Nilipenda sana mchanga kwa sababu hiyo. Lakini shule yangu ilikoma mapema, kichanga kilipozaliwa nyumbani na mama akahitaji mikono. Mengi ninayoyajua niliyaokota mwenyewe baadaye, hiki Kiswahili kikiwamo. Basi mkikuta mahali nimeteleza, mjue nimekwisha kupaona, na pananiuma.

Sasa nawaletea habari ya siku moja.

Mnajua jinsi mwisho wa kiangazi unavyokuwa kwetu. Joto linakaa juu ya maji kama kifuniko. Upande wa kusini wa ziwa, mbingu inaanza kuwa nyeusi kila alasiri, inanguruma, inarudi nyuma, kama mtu anayetaka kugombana lakini bado anatafuta neno. Siku hizo ndizo za uchomaji wa mwisho. Mvua ikishaanza, kuni zinalowa, na chungu kibichi kikinyeshewa kinarudi kuwa tope. Na uchomaji wa mwisho ndio uliotulisha. Sisi hatukuwa na mashamba makubwa; milima ya Ukinga imetusukuma hadi majini, tumebaki na kipande cha kupandia mihogo tu. Chakula chetu cha miezi ya mvua kilikuwa Mwaya, ng'ambo ya maji. Tulipakia vyungu kwenye mitumbwi, tukavuka, na kule mwenye mahindi au mpunga alikijaza chungu hadi mdomoni. Chakula kikawa chetu, chungu kikawa chake. Kwa hiyo kwetu sisi kila chungu kilichokuwa kinangoja moto kilikuwa tumbo la mtu.

Mwaka uliotangulia mvua ilituwahi. Tulikula mashina ya migomba yaliyopondwa, na kichanga chetu, ndugu yangu yule yule anayetaka sukari, alilia kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo. Mimi nilisikiliza sauti ile kila usiku nikiogopa kusikia imekwisha. Ndiyo maana mwaka huo, nilipoona vyungu vyetu vyote na vya majirani vimepangwa ufukweni kwa lundo moja, midomo chini, vimezungushiwa kuni na nyasi kavu, nilikuwa na furaha iliyochanganyika na hofu. Nilitaka moto uwashwe. Nilitaka uwashwe upesi.

Asubuhi ileile alikuwa amewasili baba yangu mdogo, Tata Asajile, aliyefanya kazi ya ubaharia kwenye meli ya serikali. Meli ilikuwa inatengenezwa, naye akapewa siku chache. Alikuwa mtu wa kucheka hata na mbuzi. Safari hii alikuja na darubini ya shaba, ya kuvuta, ambayo rubani wa meli, Mjerumani, alimpa kwa sababu kioo kilikuwa kimepasuka ukingoni. Pamoja na darubini alileta habari.

"Leo," alisema, "jua likishapita utosini, kuna nyota ndogo itakatiza mbele yake. Rubani ameisoma kitabuni. Baharia mwenzangu wa pwani anaiita Utaridi."

"Nyota mchana?" Bibi akauliza, hakuinua kichwa. Alikuwa anapaka udongo mweupe kwenye bakuli pana.

"Mchana, mama. Mbele ya jua lenyewe."

"Umekunywa nini kwenye hiyo meli?"

Tata Asajile alicheka hadi akakaa chini. Lakini mimi sikucheka. Nilitaka kujua. Nilimfuata hadi kwenye jiko letu kuukuu ambalo kuta zake zilikuwa nyeusi kwa masizi. Alichomoa nyasi za paa kiasi cha kupitisha mkono, akaifunga darubini kwa kamba za migomba kwenye nguzo mbili, mdomo ukielekea juu, akaziba nafasi iliyobaki kwa mkeka.

"Tusekile, sikiliza," aliniambia, na safari hii hakutania. "Usichungulie humo hata kidogo. Jicho litaiva kama yai. Jua halitazamwi, tunalishusha chini lije lenyewe."

Aliomba bakuli la Bibi, lile jeupe, bado bichi, akaliweka chini ya darubini, akaivuta darubini na kuirudisha. Kwanza palikuwa na ukungu wa nuru tu. Kisha, ndugu zangu, jua likashuka kwenye bakuli letu. Duara jeupe, pana kama sahani, kingo zake zikitetemeka kama kitu kilicho ndani ya maji. Niliona wingu jembamba likipita juu yake. Nilikuwa nimeishi chini ya jua maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kujua kwamba lina ukingo.

Na lilikuwa na madoa. Mawili yalikaa karibu karibu, yamechakaa pembeni kama tundu la kitambaa. La tatu lilikuwa karibu na ukingo, dogo kuliko punje ya ulezi, jeusi kabisa, la mviringo kama limechorwa.

"Huyo!" Tata Asajile alinong'ona. "Huyo mdogo. Mwite Bibi."

Bibi aliingia akiinama, akangoja macho yake yazoee giza, akatazama. Alitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama uso wake, kwa hiyo niliuona ukibadilika.

"Vijiwe," alisema.

"Hapana, mama, ni nyota..."

"Asajile, wewe unajua meli. Mimi najua hiki. Kitu cheusi cha mviringo kwenye ubavu wa chungu kilicho motoni, ni nini?" Hakungoja jibu. Alitoka nje.

Kwa msomaji ambaye hakukulia ufinyanzini, nieleze. Wazee wetu walisema jua ni chungu cha Kyala, Mungu wetu, kinachochomwa kila siku na kupozwa nyuma ya milima ya Bundali. Na sisi tulikuwa na mwiko: chungu kikipasuka kwa kijiwe kwenye moto wa mwanamke mmoja, hakuna mwingine anayewasha moto wake siku hiyo. Lazima kwanza ijulikane kijiwe kimetoka kwenye udongo wa shimo lipi, maana pengine wote mmechota pale pale. Ulikuwa mwiko wa busara, na umeokoa vyungu vingi. Lakini siku ile Bibi aliona kijiwe kwenye moto mkubwa kuliko yote, ambao uko juu ya kila shimo la udongo. Kwa hesabu yake, hapakuwa na mwanamke duniani aliyeruhusiwa kuwasha.

"Hakuna moto leo," alisema ufukweni.

Wanawake wote walisema kwa pamoja. Walipanga mstari kwenda jikoni kutazama, wakatoka mmoja mmoja wakiwa wameshika midomo. Jirani yetu Mama Gwamaka, mwenye vyungu vingi kuliko sote kwenye lundo lile, alimfuata Tata Asajile hadi akamkanyaga mguu.

"Wewe! Jua letu lilikuwa zima hadi ulipokuja na bomba lako! Umekwenda kwa Wazungu ukatuletea jua bovu!"

"Dada, lilikuwa hivyo hivyo, ila hamkuliona."

"Basi ungeliacha tusilione!"

Nyuma yao, kule kusini, mbingu ilinguruma. Safari hii haikurudi nyuma. Nilitazama lundo la vyungu, nikatazama wingu, nikasikia masikioni ile sauti ndogo ya mwaka uliopita. Mtoto hakuwa na ruhusa ya kusema mbele ya watu wazima wakibishana, nanyi mnajua fimbo za zamani. Lakini nilikuwa na swali, na swali likishanishika mimi huwa haliniachi.

Nilimvuta Bibi nguo. "Bibi, kijiwe kikiwa ndani ya udongo, kinatembea?"

"Kitembee wapi? Kimefungwa."

"Tata anasema huyu anatembea. Anakatiza. Tukimwekea alama?"

Bibi alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa, kama ambavyo alitazama udongo wa shimo jipya. Mama Gwamaka akasema, "Haya, sasa watoto ndio wazee." Lakini Bibi aliokota kipande cha mkaa.

"Kikitembea, nitawasha," alisema mbele ya wote. "Kikikaa, mvua na ije, tutakula migomba."

Tuliingia tena. Jua lilikuwa limekimbia pembeni mwa bakuli, maana jua halisimami, na Tata Asajile ilimbidi kulegeza kamba na kufunga upya. Kwa mkaa nilichora duara la jua, nikatia nukta kwenye yale madoa mawili mabovu, na nukta kwenye lile dogo. Kisha tukangoja. Kungoja ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Kila nilipopumua niliogopa nimeliyumbisha jua.

Halafu wingu likapita na bakuli likawa jeusi. Lilipoondoka, Tata Asajile alijongeza bakuli ili jua likae katikati, na hakuna doa lililolingana na nukta yake. Yote matatu yalikuwa yamehama.

"Yametembea!" alipiga kelele Tata Asajile.

"Wewe ndiye uliyetembea," Bibi alisema. "Umesukuma bakuli."

Ilikuwa kweli. Nje, tone moja kubwa lilipiga nyasi za paa, kisha kimya. Nilitazama lile duara nikafikiri hadi kichwa kikauma, kisha nikaona jambo dogo, ambalo hata leo nikilikumbuka nahisi joto kifuani. Bakuli likisukumwa, yote husukumwa pamoja. Kama yote ni vijiwe ndani ya udongo mmoja, nafasi kati yao haiwezi kubadilika.

"Bibi, pima kati yao," nilisema. "Usipime bakuli. Pima kati yao."

Yale mawili mabovu yalikuwa yamekaa vilevile, hata unene wa unyasi haukuongezeka. Lakini lile dogo la mviringo lilikuwa limeyasogelea. Kati ya nukta yake ya mkaa na nukta ya doa la karibu, gumba la Bibi liliingia likacheza. Kati ya madoa yenyewe, sasa liliingia kwa kubana. Bibi aliondoa gumba. Alikaa kitako, akafunga macho, akaimba chini chini, kupitisha muda, wimbo wa kukanyaga udongo, mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa. Hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata Mama Gwamaka, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Bibi alipofungua macho aliweka gumba tena. Halikuingia.

"Huyu yuko safarini," alisema. "Hayumo ndani ya jua. Yuko mbele yake."

"Na yale mawili?" Mama Gwamaka akauliza.

Bibi alinyanyuka, magoti yakalia. "Masizi. Umeona moto gani usio na masizi? Leteni kijinga cha moto."

Walikimbia. Mnakumbuka uchomaji wetu: nyasi zinashika kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, moshi mweupe, kisha moto unazama ndani ya lundo na vyungu vinaanza kuwaka wenyewe, vyekundu kama pilipili. Nilikimbia kati ya moto na jiko, huku natazama vyungu, huku natazama bakuli. Wanawake walipokuwa bado wanaongeza kuni, niliona lile doa limefika ukingo wa pili. Halikupita katikati ya jua. Lilikata ubavuni tu, kama mtu anayepita uwanjani pa watu kwa heshima. Likaung'ata ukingo, likabaki tundu dogo, kisha ukingo ukawa mzima. Nilikuwa peke yangu na Tata Asajile.

"Amekwenda," nilisema.

"Anazunguka," alisema. Akachukua kigae ambacho Bibi hukitumia kuzungushia chungu anapofinyanga, akaweka jiwe katikati. "Jua ni hili. Sisi tuko huku nje, duara moja kwa mwaka. Yeye yuko ndani yetu, karibu kabisa na moto. Anamaliza maduara manne na zaidi kabla sisi hatujamaliza moja."

"Basi mbona hatumwoni akipita kila mara?"

Alikuna kichwa. "Rubani anasema njia yake imeinama kidogo, kama mfuniko uliokaa upande. Mara nyingi akipita, anapita juu ya jua au chini yake. Ni mara chache wanalingana."

Mvua ilikuja jua lilipokuwa linazama, vyungu vikiwa vimekwisha kutolewa kwa miti mirefu na kunyunyiziwa maji. Vichache vilipasuka, kama kawaida. Vilivyobaki tulivipakia, na ziwa lilipotulia tulikwenda navyo Mwaya vikajazwa. Wenye mpunga wa Mwaya walitushukuru kwa "ndaga" zao nasi kwa zetu, na msimu ule sikusikiliza sauti ya mtu yeyote usiku.

Jioni hiyo ya mvua, tukiwa tumebanana ndani, Tata Asajile alisimulia mengine. Kwamba Utaridi haina moto wake. Kwamba ni dunia kama hii, ya mawe na mawe tu, ndogo, kubwa kuliko mwezi lakini si sana. Haina maji, wala hewa ya kutosha kumpeperusha kungu. Na kwamba wapimaji wanasema upande mmoja hulielekea jua siku zote, unaungua, na upande wa pili hauonjeshwi moto kamwe.

Bibi aliyekuwa anasinzia akafungua jicho moja. "Hageuzwi?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mfinyanzi gani huyo asiyegeuza chungu chake? Waambie wakatazame tena."

Tulicheka wote. Lakini nawaambia ukweli, swali lake limekaa nami miaka yote hii. Baadaye Tata Asajile aliniletea kitabu cha Kijerumani chenye picha, nikakisoma kwa kuokota neno kama nilivyookota vijiwe, nikamsumbua kila aliyejua neno la Kijerumani. Kinasema wapimaji wenyewe hawana hakika juu ya kugeuka kwake, maana sayari ile ni ndogo na daima iko kwenye mng'ao wa jua. Nilifurahi kuona hivyo. Kinasema pia kwamba njia yake si duara zuri. Imebanwa, kama mdomo wa chungu uliominywa na mtoto kabla haujakauka, na jua halikai katikati bali upande mmoja. Inapolikaribia jua hukimbia, inapokuwa mbali hupunguza mwendo. Nimejaribu kufinyanga mdomo wa namna hiyo ili nielewe. Nimeuharibu mara nyingi. Bado sijaridhika nao.

Siku hizi yamekuwa mengine. Tangu vita ianze, mitumbwi mingi imechukuliwa kubeba mizigo, na Tata Asajile hatujui aliko. Madukani Mwaya kuna mabakuli ya bati yenye maua, hayapasuki yakianguka, na wasichana wanayapenda. Bibi bado yupo, macho yake yameingia ukungu, ila vidole bado vinaona kijiwe kabla ya vyangu.

Mdogo wangu anasoma shule. Anajua sayari zote kwa majina, anazitaja kwa mfululizo kama anayeimba, bila kukosea, na mimi nikimsikia huona wivu, maana ningependa kujua kitu chochote bila kukosea. Juzi jioni nilimwita ufukweni. Upande wa Bundali, juu kidogo ya milima, ndani ya wekundu uliobaki, palikuwa na nukta ya nuru iliyokuwa inakaribia kuzama. Nimeitafuta jioni nyingi na nimeipata mara chache sana, na hata hiyo ya juzi siwezi kuapa.

"Tazama upesi," nilimwambia. "Nadhani ndiyo Utaridi."

"Ya kwanza kutoka kwenye jua," alijibu bila kugeuka. "Tulishaisoma." Akaenda kupiga filimbi yake.

Simlaumu. Anajua zaidi ya nilivyojua mimi nikiwa na umri wake, na hana hofu, na anakula vizuri. Nilibaki hadi nukta ile ikashuka nyuma ya milima. Nilifikiri juu ya wanawake wale walioloa jasho mbele ya lundo la kuni kavu, mvua ikinguruma mgongoni mwao na watoto wao wakiwa hawana akiba ya chakula. Sidhani kama nitaona tena watu wazima wakiacha moto usiwashwe kwa sababu wanataka kwanza kujua, kwa macho yao wenyewe, kitu kidogo namna ile kinakwenda wapi.